Njia ya Kwenda kwa Mke Mwenzangu

Kama leo umeketi kwenye benchi la kliniki ya sukari, umeambiwa upunguze vitamu na utembee kila siku, basi sogea tukae pamoja. Mimi niliketi hapo, Malindi, katika miaka ya themanini, na niliposikia maneno hayo nilidhani shida itakuwa kwenye vitamu. Kutembea nilikuona jambo la bure. Miguu ninayo, nikajiambia, na njia haziuzwi.

Nayaandika haya nikiwa mzima, alhamdulillahi. Mambo ya ndani ya tumbo waulize waliosomea. Mimi nitasema yaliyonipata mwilini na nyumbani, na jinsi nilivyojifunza kutoka nje ya mlango kila siku, hata zile siku ambazo moyo ulisema kaa.

Ugonjwa ulinijia wakati wa masika. Kiu ilinishika nikawa nakunywa maji kata kwa kata. Mtungi unajazwa asubuhi, na adhuhuri kata inakwaruza chini. Msalani nilikuwa mtu wa kwenda na kurudi. Kisha sisimizi wakaanza kupanga safu kuelekea chooni, nami nikajua, kwa sababu niliwaona sisimizi hao hao zamani za mama yangu. Mama alikatwa mguu Mombasa, juu ya goti. Alirudi akakaa kitandani, akawa anatuuliza mguu wake umezikwa wapi. Hakumaliza mwaka.

Basi nilipojigonga muundi kwenye meno ya mbuzi ya kukunia nazi, nikapata kidonda kidogo ambacho hakikupona wiki baada ya wiki, sikumwambia mtu. Nilikifunga kitambaa, nikashusha gauni. Mume wangu Athman, muuza vitambaa pale sokoni, ndiye aliyegundua, na aligundua kwa pua.

"Mwanajuma," akaniambia, "huu ni mguu au ni ng'onda?"

Mimi hukasirika upesi, na kufananishwa na samaki wa kukaushwa hakukunipendeza. Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Lakini asubuhi yake tulikuwa hospitali.

Kliniki ilikuwa siku moja kwa wiki, kwenye ukumbi mwembamba wenye benchi refu ukutani. Kila mmoja alikuja na mkojo wake, sisi wanawake tumeuficha chini ya buibui, huyu kautia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, yule kwenye chupa ya marashi. Sista Kadzo, muuguzi wa kutoka Kaloleni, alitia matone machache kwenye bomba la kioo lenye dawa ya buluu, akalichemsha juu ya moto wa spiriti. Ikibaki buluu, salama. Ikigeuka kijani, jihadhari. Ikienda manjano, una kazi. Na ikiwa nyekundu ya matofali, mambo yameharibika. Hapakuwa na siri, kwani benchi zima lilikuwa likitazama rangi ya kila mtu. Yangu ilipogeuka matofali, bibi aliyeketi karibu nami alinishika goti akaniambia pole, kwa sauti ile ya matangani.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alikitazama kidonda kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mama, sukari ikishuka hiki kitafunga chenyewe," akasema. "Nakipa muda mpaka kaskazi ishike. Kisipofunga, itabidi uende Mombasa."

Hakutaja kisu, wala hakuwa na haja. Kwangu mimi Mombasa ilikuwa ni kile kitanda cha mama yangu.

Sista Kadzo akanipa vidonge na masharti yake. "Ndara weka kando, vaa kiatu cha kufunika. Sukari acha. Na utembee kila siku. Si mwendo wa harusini, Mama, ni mwendo wa mpaka mgongo ulowe jasho."

"Nitembee mpaka wapi?"

"Popote. Kwetu Kaloleni hatuambiani habari hizi, mtungi wa maji ndio unaotuamuru. Nyinyi wa mjini maji yenu yanawafuata kwa mfereji."

Benchi likacheka. Nami nikacheka, ingawa sikupenda. Athman akaninunulia raba nyeupe za wanafunzi, za kufunga kwa kamba, nikazivaa chini ya buibui nikatoka.

Sasa sikiliza taabu yangu. Mjini kwetu, hasa mitaa ya zamani kama Shela ninakokaa, mwanamke wa heshima hatembei hivi hivi. Huenda mahali. Huenda kumpa mtu pole, kumtazama mzazi aliyejifungua, kumjulia hali mgonjwa, kupeleka sinia. Ukiwapita watu barazani watakuuliza, "Wenda wapi?" na ukijibu kwamba huendi popote, watampigia mumeo simu dukani wamwambie mkewe amerukwa na akili. Kwa hiyo ilinibidi kila siku niwe na ninakokwenda. Leo kwa fulani, kesho kwa fulani.

Na ukienda kwa mtu, utakaribishwa. Wa kwanza alikuwa shoga yangu Bi Asya, tuliyecheza naye tangu utoto. Nilipofika tu, mkeka ukatandikwa, ikaja chai ya maziwa iliyokolea mpaka mdomo unanata, na mahamri ya moto na mbaazi. Nikala hamri moja kwa ajili ya adabu. La pili nikala kwa ajili ya Bi Asya. La tatu, nisikufiche, nililila kwa ajili yangu. Nikatoka hapo nikapita nyumba ya pili nikakuta vibibi, vile vikate vitamu vya mchele. Nyumba ya tatu kulikuwa na tambi za sukari zilizobaki za hitima. Nilirudi nyumbani jasho likinitiririka, nimefurahi, nimetii amri ya Sista.

Kusi ilikuwa imeanza kuvuma niliporudi kliniki. Nilimkabidhi Sista Kadzo chupa yangu kwa madaha. Akachemsha. Matofali.

"Mama, wewe hutembei," akasema.

"Natembea kila siku ya Mungu. Tazama raba zilivyochakaa."

Akazitazama, akaona kweli. Akaniuliza napita wapi, nikamhadithia nyumba moja baada ya nyingine pamoja na vilivyokuwa kwenye sinia. Sikio lake lilikuwa kwangu na mkono wake bado umeshika bomba la moto. Nilipofika kwenye tambi akalitua.

"Mama yangu we, huko si kutembea. Huko ni kula kwa miguu. Kataa."

Kataa. Ni neno jepesi mtu akilisema kutoka Kaloleni. Siku iliyofuata nilikwenda kwa Bi Asya, mkeka ukatandikwa, nikasema sitakula. Akadhani natania. Nikasema tena. Uso wake ukabadilika.

"Kwani chakula chetu kina nini siku hizi, shoga? Umeona uchafu?"

"Hapana, ni sukari."

"Sukari hata mimi naila. Sema kama kuna maneno umeambiwa."

Kwetu kukataa chakula si habari ya tumbo. Ni kusema kwamba umekinyaa, au kwamba unashuku kilichotiwa ndani yake. Bi Asya alinipitia mbali siku nyingi baada ya hapo, na nyumba ya pili na ya tatu zikasikia. Nikajaribu njia ya pwani, lakini huko kulikuwa na watalii walio nusu uchi na vijana wa kuwauzia vinyago, na mtu mzima wa buibui na raba aligeuka kuwa tamasha. Picha nilipigwa.

Kisha nikaanza kukonda. Kwa Sista ilikuwa habari njema, mjini haikuwa. Mke wa mfanyabiashara akikonda, mtu hamuulizi mke, humuuliza mume. Jioni moja Athman aliweka kijiko chini.

"Watu wananiuliza kama nakunyima."

"Waambie nashindwa na vingi, si vichache."

"Nisemayo ni kwamba nina jina mjini, Mwanajuma. Huko kuzunguka kwako na viatu vya skuli kunanipa taabu."

Nilikasirika, kisha nikafanya alivyotaka. Hasira na utii vinaweza kukaa nyumba moja, walioolewa wanajua. Raba nikazitia uvunguni. Nikawa nakaa ndani, natafuna hiki na kile, na kidonda kikazidi upana. Kingo zake ziligeuka nyeusi. Nilikuwa nikiufungua mguu asubuhi na kuutazama, kisha naufunga haraka. Niliogopa. Siwezi kulisema kwa namna nyingine, niliogopa mpaka chakula kilipoteza ladha, na bado nikakila.

Lazima sasa nimtaje Tima. Athman alikuwa amemwoa miaka michache nyuma, mwanamke wa Mambrui, mdogo kwangu, akampa nyumba Maweni, upande wa pili wa mji. Zamu zilikuwa zinakwenda sawa na sikuwa na la kulalamika, lakini moyo haujui sheria. Sikuwahi kukanyaga kwake, wala yeye kwangu. Tulionana kwenye maziko na harusi, kila mmoja akageukia ukuta wake.

Siku moja, vuli ikinyunyiza, Athman alinichukulia vidonge vyangu hospitali, akavisahau mfukoni mwa kanzu, akaenda navyo kwenye zamu ya Maweni. Nilingoja. Vya nyumbani vilikuwa vimekwisha. Kufikia alasiri nilikuwa na kiu, na hasira imenipanda juu ya kiu. Nikavuta raba uvunguni, nikafunga kamba, nikashika njia ya Maweni.

Njia nzima hakuna aliyeniambia karibu. Mwanzoni sikuelewa. Watu walikuwa milangoni, wananiona, wanaona ninakoelekea, nao wanafunika midomo kwa ncha ya leso. Nani amzuie mtu aliye njiani kwenda kugombana na mke mwenzake? Angeikosa habari. Hata Bi Asya, tuliyekuwa hatusemezani naye, alitoka mpaka barabarani anisindikize kwa macho.

Nilimkuta Tima barazani kwake akisuka ukili wa mkeka. Aliponiona, ukili ulimtoka mkononi.

"Shikamoo, Dada," akasema.

"Marahaba. Nimefuata vidonge vyangu. Viko kwenye kanzu."

Akaingia ndani mbio, akavileta, akaniwekea kigoda. Nikaketi kwa sababu mguu uliuma. Alisimama mbele yangu hajui aweke wapi mikono, maana mgeni aliyeketi hupewa kitu, lakini mke mwenza hampi mke mwenzake hata maji. Hiyo ni sheria isiyoandikwa popote. Ningeugua tumbo wiki ile, mji mzima ungejua ni nani aliyeniua. Yeye alilijua hilo, nami nililijua. Basi tukakaa. Akaniuliza hali ya mguu, nikamjibu. Akarudia kusuka. Nilipumzika, nikaaga, nikaondoka.

Nilipofika nyumbani nikavua buibui, mgongo umelowa chapachapa. Nikataka kukumbuka nilichokula njiani, nikakuta hakuna. Nilikuwa nimekwenda Maweni na kurudi bila ya punje kupita mdomoni, na sikuwa nimemvunjia mtu uso. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikakaa chini. Katika mji wote wa Malindi, palikuwa na nyumba moja tu ninayoweza kuzuru nisilishwe.

Kesho yake nikaenda tena. "Nimekuja kukusalimu," nikasema. Na siku ya pili yake. Tima alinipokea kwa kigoda na macho ya wasiwasi, tukazungumza habari za mvua na bei ya samaki. Siku nyingine hatukuzungumza, nilimtazama vidole. Baada ya wiki mbili hivi hakuweza kuvumilia.

"Dada, nisamehe. Nikuulize jambo?"

"Uliza."

"Waja kunichunguza? Kama kuna neno, liseme, nimechoka kungoja."

Nikamtazama. Nilikuwa nimepanga uongo kadhaa wa kistaarabu, lakini mimi si mtu wa subira. "Naja kwako kwa sababu hunilishi," nikamwambia. Nikamweleza yote, sukari na matofali na mahamri ya Bi Asya na kitanda cha mama yangu. Alisikiliza ukili umetulia mapajani. Nilipomaliza akacheka. Alicheka mpaka akashika nguzo.

"Miaka yote hii," akasema, "nasikitika kwamba sina ruhusa ya kukupa hata chai."

"Basi ndiyo fadhila yako kubwa. Usiiharibu."

Mji ulingoja vita na vita havikuja. Aliyeteseka ni Athman. Wenziwe wa barazani walimwambia wanawake wawili wakipatana, mwanamume atafute pa kulala. Akaja kwangu na uso mrefu.

"Mwazungumza nini nyinyi wawili kila siku?"

"Wewe," nikamjibu.

Wiki hiyo alileta leso mbili za aina moja na rangi moja, moja kwangu na moja Maweni. Mwanamume akizidisha haki bila ya kuombwa, ujue ana hofu. Lakini namshukuru kwa jambo moja, hakuzungumza tena habari za viatu vya skuli.

Kliniki iliyofuata bomba liligeuka manjano. Iliyofuata hiyo, kijani. Sista Kadzo akalielekeza dirishani alione vizuri.

"Umepata njia gani, Mama?"

"Njia ya kwa mke mwenzangu."

Ilibidi nirudie, kwa sababu walio mwisho wa benchi hawakusikia. Kaskazi iliposhika na joto lake, daktari alifungua kitambaa, akabonyeza muundi wangu kwa dole gumba. Kulikuwa na ngozi mpya, nyororo, ya rangi ya pinki. "Mombasa utakwenda kwa harusi tu," akasema. Nililia pale pale mbele ya watu, na yule bibi wa zamani akanishika goti tena.

Ungedhani baada ya hapo nilitembea kwa furaha siku zote. Hapana. Kidonda kilipofunga, nilikaa. Hili ndilo ninalotaka ulisikie zaidi ya yote, maana hakuna aliyeniambia. Hofu inakutoa nyumbani, lakini haikai. Ni moto wa makuti, unawaka kwa kishindo na maharagwe bado hayajaiva. Mguu umepona, jua kali, maembe yamejaa sokoni, nani ataniambia nifunge kamba za raba? Nikasema kesho. Kesho ikasema kesho. Mchovya asali hachovyi mara moja, na embe nalo ni hivyo hivyo.

Siku kadhaa zilipita. Athman alirudi kutoka Maweni, akavua kofia, akasema kama mtu aliyebebeshwa mzigo usio wake, "Tima auliza umemkasirikia?"

"Mimi? Kwa nini?"

"Sijui. Ati anakuwekea kigoda kila alasiri, huji."

Hiyo alasiri nilikwenda. Kigoda kilikuwa pale. Tima hakuinua uso kutoka kwenye ukili wake.

"Nilidhani nimekukosea," akasema.

"Hujanikosea. Ni uvivu."

"Hapa hapafiki mtu, Dada. Nduguze Athman hawaji. Majirani waniona mvunja nyumba. Wangu wako Mambrui. Usipokuja, tangu adhuhuri mpaka magharibi sina wa kumwambia neno."

Nilimwonea huruma, na nilijionea haya. Mimi nilikwenda kwake kuokoa mguu wangu, sikuwahi kuuliza yeye ananipokea kwa ajili gani. Tangu siku ile sikuhitaji kuukumbuka ugonjwa ili nitoke. Nilikumbuka kigoda. Kama unatafuta cha kukuinua kitandani siku ambazo mwili hautaki, mimi sina dawa bora kuliko hiyo. Tafuta mtu atakayekungoja, naye awe atauliza usipofika. Na siku ukishindwa kabisa, vaa tu viatu ufike kichochoroni. Mara nyingi miguu ikishafika kichochoroni huendelea yenyewe.

Njia nayo ikarefuka bila ya sisi kukusudia. Mgeni husindikizwa, hivyo Tima akawa ananisindikiza mpaka njia panda. Nami sikuweza kumwacha arudi peke yake, nikamsindikiza mpaka nusu ya njia yake. Naye akaona haya, akanirudisha. Kuna siku tulikwenda na kurudi pale njia panda mpaka muuza mkaa akatuuliza kama tumepoteza kitu.

Masika ya pili ikaingia pamoja na Ramadhani. Daktari alinikataza kufunga, na hilo liliniuma, sijapata kula mchana wa Ramadhani tangu utoto. Nilikula kidogo, chumbani, mlango nimeufunga. Lakini kwa kutembea haukuwahi kuwapo mwezi kama ule, maana mchana hakuna nyumba inayotoa chakula. Nilipita hata kwa Bi Asya, tukapatana. Alinitazama raba, akanitazama uso, akasema, "Umepungua, lakini umepungua vizuri."

Mwezi huo Tima alifuatana nami kliniki. Sista Kadzo alinichoma wayo kwa pini akiniuliza kama nahisi, na mara nyingine nilihisi, mara nyingine hapana.

"Hapa ndipo penye hatari sasa," akasema. "Mguu usiosikia haukwambii ukiumia. Wayo utazamwe kila siku. Waweza kuuona mwenyewe?"

Nikajaribu kuinua mguu. Tumbo na macho vyote vilikataa.

"Nitautazama mimi," Tima akasema.

"Wewe ni nani wake?"

"Mke mwenziwe."

Benchi zima likatugeukia, nadhani hata moto wa spiriti. Ikawa desturi yetu. Nikifika Maweni, navua raba, anatazama, anasema "salama," navaa.

Imepita miaka kadhaa tangu hapo. Miguu yangu yote miwili ninayo, na bomba la Sista siku nyingi huwa buluu, siku nyingine kijani, na mara moja moja, baada ya harusi, manjano. Nimebakiza jambo moja tu, la siku ya Idd ya Ramadhani ile.

Idd kwetu haina udhuru. Kila nyumba niliyopita ilikuwa na sinia, nikaonja kwa ncha ya vidole kama Sista alivyonifundisha, na nikaogopa sana nyumba ya mwisho. Tima sasa alikuwa mtu wangu. Mtu wako humlishi siku ya Idd? Nilijua mila ya Idd haimwachii njia ila anilishe, hata kama tu wake wenza, na nikajua nikila kwake siku hiyo, nitakula kila siku, na hapo sitakuwa tena na pa kwenda.

Nilipoingia sikuona sinia. Kulikuwa na mkeka mpya aliousuka mwenyewe, na beseni la maji ya vuguvugu, na taulo safi.

"Idd Mubarak, Dada. Keti. Leo utakaoandaliwa ni mguu, wewe utakaa."

Akaniosha miguu, kisha akanikausha kidole kwa kidole. Akauinua wayo wa kulia kwenye mwanga wa mlango, nami nikangoja neno lake la kila siku. Halikuja.

"Dada, umekanyaga wapi?"

"Kwani kuna nini?"

Akaichukua raba, akatia mkono ndani. Mwiba mrefu mweusi ulikuwa umetoboa soli, na ncha yake ilibaki kwenye wayo wangu. Nilikuwa nimeutembelea kutoka Shela mpaka Maweni, pengine na jana yake pia. Sikuhisi chochote.

Alikaa chini kwenye sakafu na leso yake ya Idd, akaushika mguu wangu mapajani, akaichomoa ncha ya mwiba kwa kucha. Aliubinya mpaka damu ikatoka safi, akaosha kwa maji ya chumvi, akafunga. Kesho yake Sista Kadzo alipafungua akapatazama kwa makini, akasema pangekaa siku chache zaidi bila ya kuonekana, tungekuwa tunazungumza habari za Mombasa.

Lakini Idd ile sikuwa nimeyasikia hayo bado. Nilikuwa namtazama mwanamke niliyemchukia miaka yote ile, ameinamia wayo wangu, machozi yanamtoka kwa hofu ya mguu usio wake.

"Tima," nikamwambia, "nipe maji ninywe."

Akainua uso. Akatazama nje, watu walikuwa wanapita na nguo zao mpya. "Watu watasema nimekutilia kitu."

"Nipe."

Akaingia ndani, akarudi na kikombe kimejaa, amekishika kwa mikono miwili. Nikasimama kwa mguu mmoja, nikamshika bega, nikajivuta mpaka mlangoni. Nikayanywa pale pale, yote, wapita njia wakiona.